Uzi Niliouficha

Jumatatu, 3 Machi

Karani amenishinda kwa hoja leo, na sipendi kushindwa, kwa hiyo naandika haya nikiwa nimenuna. Sisi wawili ndio wasimamizi wa jukwaa la mtaa kwenye mtandao. Yeye ni karani mstaafu wa mahakama, mimi nina duka la dawa. Watu elfu tisa wanaandika humo: maji yamekatika, mbwa kapotea, nani kaziba mtaro, nani kaiba betri. Karani anasema anayefuta maneno ya mtu bila kuandika sababu ni sawa na hakimu anayehukumu amefunga mlango. "Nunua daftari," ameniambia. "Ukifuta, andika. Ukiona aibu kuandika sababu, ujue hukuwa nayo."

Nimenunua. Kanuni zetu ni tatu: usimtukane mtu; usitaje nyumba ya mtu wala mtoto wake; ukimshutumu mtu, sema uliona nini kwa macho yako. Zaidi ya hapo kila mtu aseme atakalo. Mwaka juzi ofisa wa maji alitaka tufute malalamiko yote ya mabomba. Tulikataa, na mabomba yakatengenezwa. Najivunia hilo kuliko cheti changu cha ufamasia.

Mvua imeanza leo alasiri.

Jumatano, 5 Machi

Nimefuta matangazo mawili ya dawa ya nguvu za kiume. Sababu: ni unga na rangi, naijua.

Ijumaa, 7 Machi

Kuna mtu anajiita Msumari. Ameweka picha ya ufa kwenye ukuta wa madarasa mapya ya shule ya msingi, na chini yake ameandika kwamba mwalimu mkuu ni mbuzi wa kamba wa mkandarasi, anafungwa anapotaka bwana wake. Nimelifuta. Sababu: tusi. Nikamwandikia pembeni kwamba picha irudi, maneno ayaoshe.

Amenijibu kuwa mimi ni mfuga funza. Hata sielewi maana yake, lakini limenichoma siku nzima.

Nisijidanganye kwenye daftari langu mwenyewe: mwalimu mkuu ni dada yangu, tumbo moja. Ningefuta tusi hilo hata kama angekuwa mtu baki. Nadhani.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Asubuhi bwana mmoja ameandika jukwaani kuwa wasimamizi ni vibaraka na wanawake hawafai kushika funguo. Saa sita mchana bwana yuleyule kasimama mbele ya kaunta yangu, ananong'ona anataka dawa ya bawasiri. Nimempa, nikamweleza namna ya kuipaka, nikamtakia afya njema. Akaniita dada. Hasira niliyoimeza leo ingeendesha jenereta.

Jumamosi, 15 Machi

Msumari amerudi, na safari hii ameandika kama mtu:

"Jengo jipya. Nguzo zote nne za upande wa mtaroni zina nondo mbili, ramani inataka nne. Nilikuwepo zege likimwagwa, nimeona kwa macho. Ufa unaanzia dirisha la pili mpaka chini. Wiki mbili zilizopita ulikuwa uzi wa kushonea, leo ncha ya kidole inaingia. Maji ya mtaro yanapita chini ya msingi. Darasa la tatu wanakaa humo, watoto hamsini na mmoja."

Hakuna tusi, hakuna nyumba ya mtu, na ameona mwenyewe. Nimeliacha.

Saa moja baadaye Dada kapiga simu.

"Umeliona lile?"

"Nimeliona."

"Na bado lipo?"

"Lipo."

"Mimi ni dada yako au mpita njia?"

"Dada, mjibu. Andika pale pale, kwa jina lako. Sema kama ufa upo au haupo."

"Nijibizane na mtu asiye na uso?" Akanikatia.

Hakusema kwamba ufa haupo. Hilo nimeligundua baada ya simu kukatika.

Jumapili, 16 Machi

Kwa Mama. Chakula kimepoa mezani bila mtu kukigusa. Mama ameniambia, bila hata kupandisha sauti, kwamba nimemvua nguo dada yangu hadharani na sasa nakusanya watazamaji. Nikamwambia sikuandika mimi. "Mlango wa nani wamepitia?" akauliza. Dada alikuwa anaangalia dirishani. Dada aliyenibeba mgongoni kwenda zahanati nilipokuwa na surua, akavuka mto uliojaa. Mama hakuacha kunikumbusha hilo.

Nimerudi nyumbani nimefura. Nina hasira na Mama kwa kuwa mama, na Dada kwa kunyamaza, na Msumari kwa kuwa na adabu kwa mara ya kwanza.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Duka limevuja juu ya rafu ya dawa za kikohozi.

Jumatatu, 24 Machi

Mpumbavu mmoja ameweka picha ya geti la Dada na kuandika "tumfuate kwake". Nimelifuta ndani ya dakika tatu, akaunti nimeifunga. Sababu: kanuni ya pili, na sitaki mtu afe.

Wamenivamia! Upendeleo! Ukoo unalindana! Ujumbe mia mbili na kitu. Hao hao wanaopiga kelele ndio walionishukuru mwaka jana nilipofuta picha za nyumba zao. Msumari akaandika: "Geti mmeliona haraka. Ufa je?"

Ningemkamata ningemtandika na mchi wangu wa kusagia dawa.

Jumatano, 26 Machi

Mkandarasi amekuja dukani mwenyewe. Kavaa shati jeupe kwenye matope haya, na barua ya wakili mkononi.

"Mama wa dawa, habari za kazi."

"Nzuri. Nikusaidie nini?"

"Jina moja tu. Anayeniita mwizi nina haki ya kumjua."

"Hakukuita mwizi. Ametaja nondo. Zihesabu mbele ya watu, umuumbue."

"Zimo ndani ya zege, utazihesabuje?"

"Ndiyo hapo sasa," nikamwambia.

Akatabasamu, akaiweka barua juu ya kaunta, akaisawazisha kwa vidole kama mtu anayetandika kitanda. "Dada yako ndiye aliyetia saini kupokea jengo," akasema. "Nikizama mimi, hatabaki juu ya maji."

Alipoondoka niliifungua akaunti ya Msumari. Sijawahi kufanya hivyo bila sababu, na leo sababu yangu ilikuwa hasira. Kila anayejiunga hutoa nambari ya simu, sisi wasimamizi tu ndio tunaiona. Nikaisoma mara moja nikaijua. Imo kwenye daftari langu la dawa za cheti. Ni mwashi mmoja mpole, anakuja kila mwisho wa mwezi kumchukulia mkewe dawa ya kifafa. Huvua kofia mlangoni. Huongea chini chini na kusema "samahani mama kwa usumbufu" hata kabla hajakusumbua.

Mfuga funza, aliniita. Mtu yule!

Sijamwambia mtu. Nikimtaja, hapati kibarua tena mji huu, na kuna dawa ambazo mkewe hawezi kuzikosa hata siku mbili.

Jumatatu, 31 Machi

Amekuja. Kofia mkononi, maji yanamchuruzika. Nimempa dawa. Akasema samahani kwa usumbufu. Nilikuwa na maneno kumi na tano mdomoni, nikasema, "Kipimo ni kile kile." Alinitazama sekunde moja zaidi ya kawaida.

Ijumaa, 4 Aprili

Chapisho la Msumari limezaa uzi mrefu wa majibu chini yake, na wazazi sasa wanapima. Baba mmoja kaingiza kalamu kwenye ufa, imesimama yenyewe. Mama wa mtoto wa darasa la tatu kaandika kuwa binti yake anasema ukuta "unalia" mvua ikikaza. Yote nimeyaacha. Mmoja kaandika Dada ni muuaji. Hilo nimelifuta, maana hajafa mtu.

Jumanne, 8 Aprili

Karani amefanyiwa upasuaji wa jicho. Wamemfunga kitambaa, na daktari amemkataza kusoma chochote kwa siku kumi. Jukwaa limebaki mikononi mwangu peke yangu. Mvua haijakatika tangu Jumapili.

Alhamisi, 10 Aprili

Presha ya Mama imepanda, ameanguka bafuni. Nimemkuta kalala kitandani, Dada kakaa kwenye kigoda na sare yake ya kazi, matope mpaka magotini. Nikampima Mama, nikampa dawa, akasinzia. Dada akanivuta jikoni.

"Wazazi wamepanga kwenye ule uzi wa Msumari jukwaani," akasema. "Jumatatu saa moja asubuhi wanakuja wote, wawatoe watoto darasani kwa nguvu. Wakija na kelele zao, na ofisi ya elimu ikasikia, Jumanne sina kazi."

"Wahamishe wewe kabla hawajaja."

"Niwaweke wapi? Kwenye mvua? Nikiwahamisha nimekiri. Nilitia saini, unaelewa? Waliniletea karatasi, wakaniambia jengo limekaguliwa, watoto walikuwa wanasomea chini ya turubai. Nikatia saini." Akanishika mikono yote miwili. "Siku nne tu. Ufiche mpaka Jumatatu jioni. Nimeshamwita mhandisi aje Jumanne. Nakuomba. Umuue Mama kwa ajili ya kanuni?"

Dada yangu hajawahi kuniomba kitu maishani mwake. Ananiagiza.

Nimeuficha. Kuficha sio kufuta, kila neno lipo, nitaufungua Jumatatu jioni.

Sababu: mjadala umepoteza mwelekeo.

Nimeisoma sababu hiyo tena. Ni uongo. Sababu: dada yangu ameniomba.

Ijumaa, 11 Aprili

Wanauliza uzi uko wapi. Nimejibu kuwa kuna matengenezo ya mtambo. Sijawahi kuwadanganya. Imekuwa rahisi mno.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Msumari ameandika pembeni: "Fungua." Neno moja.

Jumapili, 13 Aprili

"Fungua." Mara sita leo.

Jumatatu, 14 Aprili

Wazazi hawakuja. Mpango wao wote ulikuwa humo, nani aende na nani, saa ngapi, mlango upi. Saa moja asubuhi walifika watatu, mlinzi akawarudisha.

Saa nne na robo mvua ikakatika ghafla na jua likatoka, mara ya kwanza baada ya wiki nzima. Kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakatoka mbio wote kulikimbilia jua. Hiyo ndiyo sababu pekee ya darasa kuwa tupu. Si mimi, si Dada, si mhandisi wa Jumanne. Jua.

Saa nne na nusu nilisikia kishindo nikiwa dukani. Nilidhani lori limegonga. Kisha nikasikia watoto, nikajua. Nilichukua sanduku la bandeji nikakimbia na koti langu jeupe, nikaanguka mara mbili kwenye matope.

Ukuta wote wa upande wa mtaroni ulikuwa chini na paa limeinama juu yake. Dada alikuwa amepiga magoti kwenye kifusi anatupa matofali kwa mikono mitupu, anaita jina moja tu. Binti mmoja alikuwa amerudi kuchukua sweta. Ni yule aliyesema ukuta unalia.

Walimtoa akiwa hai. Mkono wa kulia ulikuwa umebanwa chini ya boriti. Nilimfunga mimi. Alinitazama akauliza kama sweta limechafuka.

Walipombeba kwenda hospitali nikabaki nimesimama kwenye nguzo iliyovunjika. Chuma kilikuwa kimetokeza nje kwenye zege. Nikahesabu. Mbili. Nikaenda nguzo ya pili. Mbili. Ya tatu, mbili. Watu walikuwa wananiita, nami nahesabu kama mwendawazimu.

Saa nane mchana nimeufungua uzi, wote, na juu yake nikaandika: "Uzi huu ulifichwa kuanzia Alhamisi hadi leo. Hakukuwa na matengenezo ya mtambo. Niliuficha mimi, kwa sababu mwalimu mkuu ni dada yangu na aliniomba. Nilidanganya." Nikaweka jina langu kamili.

Jumanne, 15 Aprili

Vidole viwili. Wamevikata.

Ujumbe elfu moja na mia tatu. Nimefuta wanaotaja shule wanayosoma wanangu. Wanaonitukana mimi nimewaacha. Karani hawezi kusoma, kamwambia mkewe amsomee kwa sauti, yote. Mkewe anasema alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba maji.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeenda kwa Mama. Dada yuko pale, amesimamishwa kazi. Mikono yake imefungwa, kucha tatu zimeng'oka kwenye matofali. Nilidhani tutalia pamoja. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, mjinga mimi.

"Ungeuacha," akasema.

"Nini?"

"Ungeuacha ule uzi, Jumatatu asubuhi wangekuja watu mia. Ningelazimika kuwatoa watoto. Nisingekuwa na njia nyingine. Nawe ukaniachia njia."

"Uliniomba! Ulinishika mikono hapa hapa jikoni ukaniomba!"

"Nilikuomba. Nilikuwa na hofu. Wewe hukuwa na hofu, ulikuwa na kanuni. Kwa nini ulinisikiliza?"

Nilivunja sahani. Sikuidondosha, niliipiga ukutani. Mama akapiga kelele chumbani. Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani kwenye mvua, nikimtukana dada yangu kwa sauti njia nzima, watu wananipisha. Mtu aliyeniomba niufiche ananilaumu kwa kuuficha! Na ubaya wake ni kwamba nimeligeuza neno lake kila upande, na kila upande lina ukweli.

Jumatatu, 21 Aprili

Msumari amekuja dukani, siku tisa kabla ya zamu yake ya dawa. Hakuvua kofia.

"Nambari yangu unaijua," akasema.

"Tangu Machi."

"Nilikuwa nasubiri waje kunichukua. Hawakuja."

"Sikuwaambia."

"Hilo nakushukuru." Akaweka viganja vyake kaunta, viganja vilivyopasuka kwa saruji. "Ulinificha mimi, sawa. Kwa nini ukaficha na ukuta?"

Akasema ameitwa kwenye uchunguzi na atatoa ushahidi kwa jina lake. Nikamwambia nahofia usalama wake na wa mkewe. Akasema, "Mimi nilibeba zile nondo mbili mbili kwa mikono hii na nikazifunga. Matusi yale yote, unadhani nilikuwa namtukana nani?"

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua imepungua. Karani ametolewa kitambaa. Amekuja, akasoma daftari hili mpaka ukurasa wa tarehe kumi, akaona nilipoikata sababu ya kwanza na kuandika ya pili. "Ulijua," akasema. Akalifunga daftari. Ningependa angenipigia kelele.

Nimeandika barua ya kujiuzulu usimamizi. Nitaiweka jukwaani Jumatatu.

Jumatatu, 28 Aprili

Mama wa yule binti amekuja kununua bandeji.

Nilimjua kabla hajasema neno. Mwanamke mfupi, anafanya kazi kwenye kiwanda cha kushona, sindano tatu zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni. Nikamwekea bandeji, dawa ya kusafishia, pamba. Nikaanza kusema pole.

"Usinipe pole," akasema. "Nimesikia unaacha kazi ile ya jukwaani."

"Ndiyo. Leo."

"Ili iweje?"

"Sistahili kushika..."

"Hustahili, najua. Ukiondoka utapumzika. Wiki mbili watu watakutukana, ya tatu watakusahau. Mwanangu hatapumzika. Anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto." Hakulia hata kidogo. Macho yalikuwa makavu kama jiwe. "Utabaki. Na mimi utaniweka humo, niwe msimamizi pamoja nanyi. Kila neno utakalogusa nilione. Siku utakayoficha kitu, mtu wa kwanza kukuuliza niwe mimi."

Nikampigia Karani. Akasema, "Mpe funguo kabla hajabadili mawazo."

Nikampa. Nilimwonyesha pale pale kwenye kaunta, simu yake ikiwa kati yetu, mahali pa kufutia, mahali pa kufichia. Akauliza mara mbili tofauti ya kufuta na kuficha. Nikamweleza. "Kwa mtu asiyeona ni kitu kimoja," akasema.

Wakati bado tunaangalia, likaingia chapisho jipya. Mkandarasi, kwa jina lake na picha yake ya shati jeupe. Maneno marefu. Kwamba alijenga kwa ramani. Kwamba nondo ziliibwa na mwashi, na mwashi huyo huyo ndiye anayejiita Msumari. Kwamba mtaro ni wa serikali na mvua ni ya Mungu. Kwamba mtoto aliambiwa asirudi darasani akarudi, na wazazi wafundishe watoto wao kusikia.

Katika miaka sita sijawahi kutaka kufuta kitu kama nilivyotaka kufuta hicho. Kidole changu kilikuwa tayari kimefika juu ya kioo, nikasema, "Amemtaja mtoto. Amesema Msumari ni nani. Hili linatoka."

Akanishika mkono. Alikuwa anasoma, midomo inatembea. Alipofika kwenye mtoto, mkono wake ulinibana mpaka nikasikia kucha. Akarudi juu, akasoma tena tangu mwanzo.

"Hajataja jina la mwashi," akasema.

"Hajataja, lakini..."

"Wala jina la mwanangu. Wala hajatukana. Ametukana?"

"Hajatukana. Anadanganya!"

"Anadanganya, ndiyo. Ngoja wamsome. Mwashi yupo, nguzo zipo, ukuta upo chini na vyuma vimetoka nje. Ukimfuta atasema ukweli wake umeuawa na mfamasia, ndugu wa mwalimu mkuu." Akauachia mkono wangu. "Mwache aseme."

Nilijaribu mara mbili kufunga mfuko wa bandeji nikashindwa. Yeye aliuvuta pembeni, akaegemea kaunta yangu, akaigeuza simu ikamtazama. Mteja aliingia, nikamwambia asubiri. Mwanamke yule akagusa pale pa kujibu, akaandika jina lake kamili, halafu akaanza: "Mimi ni mama yake. Nakujibu neno kwa neno."